UJUMBE WA SIMU KWA MWENZETU ALIYEUGUA MOYO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Kamati imenipa nafasi niseme juu ya wenzetu walioshikwa na ugonjwa wa moyo, wakalazwa hospitali, kisha wakarudi kazini. Chama chetu hututetea kwa mambo ya mshahara, likizo na saa za kazi, na hayo ni mema. Lakini nyongeza ya mshahara haimfai mtu aliyekwisha kuzikwa.

Yafaa mjue kwamba mtu huyu anapotoka hospitali bado ni mgonjwa. Hupewa vidonge vya kumeza kila siku, pengine maisha yake yote. Huambiwa aache sigara, apunguze chumvi na mafuta, na atembee kwa miguu kila siku. Mwanzoni hushika maagizo yote. Baadaye kifua hakiumi tena, zamu ya usiku imeanza, na vidonge vimekwisha kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo ndipo huacha kidogo kidogo. Daktari yuko mbali. Walio karibu naye ni sisi.

Sasa sikilizeni habari ya Sydney, katika Australia. Baina ya mwaka 2011 na 2013 madaktari wa hospitali moja kubwa waliandikisha wagonjwa 710 wa mishipa ya moyo. Wote walipata matibabu ya kawaida, lakini nusu yao walipelekewa pia ujumbe wa simu mara 4 kila juma kwa miezi 6. Yalikuwa maneno mepesi juu ya chakula, mazoezi, dawa, na sigara kwa wanaovuta. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Kipimo cha juu cha presha kilikuwa kama 128 kwa waliopata ujumbe, na 136 kwa wasiopata. Waliokuwa wakivuta sigara bado walikuwa 26 katika kila 100 upande wa kwanza, na 43 upande wa pili.

Msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Hapa kwetu Kenya, katika kliniki za Nairobi na Kajiado, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za Ukimwi waliandikishwa mwaka 2007 na 2008. Nusu yao waliulizwa kwa simu kila juma neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" katika muda wa saa 48. Aliyejibu shida, na hata aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Katika matokeo ya mwaka 2010, waliomeza dawa sawasawa walikuwa 62 katika kila 100. Kwa wasioulizwa walikuwa 50.

Lakini sitaki kuwadanganya. Uchunguzi mwingine wa Australia, wenye wagonjwa wa moyo zaidi ya 1,400, ulitangazwa mwaka 2022, na haukuona kwamba ujumbe uliwafanya wameze dawa zaidi kuliko wengine. Ujumbe humkumbusha mtu, lakini haununui vidonge wala haubadilishi zamu. Kwa hiyo nawaomba tufuate ile njia ya kuuliza na kujibiwa, kwa masharti haya:

1. Mgonjwa akubali kwa hiari yake, na aweze kujitoa siku yo yote.

2. Tajiri asipate majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzilinda habari za afya ya mtu. Hata ujumbe wenyewe usitaje ugonjwa, maana simu huachwa mezani ikasomwa na wengine. "Habari za juma hili, ndugu?" yatosha.

3. Mawaidha yo yote ya chakula au dawa yapitiwe kwanza na daktari au muuguzi. Sisi hatuna ruhusa kumwambia mtu aongeze wala aache kidonge.

4. Anayejibu "Shida", au asiyejibu, apigiwe simu. Ikiwa shida ni fedha za dawa au zamu nzito, na mwenyewe akikubali, Katibu aichukue kama anavyochukua mashtaka mengine ya kazini.

5. Kifua kikimbana, pumzi zikimpungukia au jasho baridi likimtoka, aende hospitali mara moja. Asingoje ujumbe wa mtu.

Kazi hii yahitaji wanachama wawili wanaoweza kunyamaza na siri za watu, ambao hawatachoka baada ya mwezi mmoja. Tusipowapata, ni heri tusianze, kwa sababu mgonjwa aliyesema "Shida" asijibiwe hatasema tena.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano upige kura juu ya jambo hili leo, na wawili hao watajwe kabla hatujatoka humu.