Ganda Lirudi Shambani: Hotuba Iliyotolewa Tunduma Siku ya Kutimiza Miaka 10



Leo tumekusanyika hapa Tunduma kusherehekea miaka 10 ya chama chetu kikuu, na wengi watahesabu magunia ya kahawa tuliyouza. Mimi nimeombwa niseme juu ya kitu kilichotoka mashambani mwetu pamoja na magunia hayo, wala hakikuandikwa katika kitabu chochote cha hesabu. Nacho ni potasiamu.

Potasiamu ni chakula cha mmea, kama zilivyo naitrojeni na fosforasi. Huongoza maji ndani ya mmea, na husaidia kuchukua sukari kutoka majanini kuipeleka katika matunda. Mbuni uliozaa sana huivuta kwa wingi. Ikipungua, kingo za majani makuukuu hugeuka manjano kisha hukauka, matawi hufa kuanzia nchani, na punje huwa ndogo na nyepesi.

Pamba, zao la wenzetu wa Simiyu na Shinyanga, nayo huihitaji ili vitumba vijae na nyuzi ziwe imara. Lakini pamba ina uvumilivu wa pekee: potasiamu ikiwa haba, sodiamu, iliyomo katika chumvi ya kula, yaweza kushika sehemu ya kazi yake, ingawa si kazi yote. Mbuni hauna uvumilivu huo. Chumvi huudhuru, na sodiamu ikizidi, udongo wa mfinyanzi hushikamana hata maji ya mvua yasipenye. Basi tusemapo “mbolea ya chumvichumvi”, asije mtu akachukua chumvi ya jikoni au magadi akamwaga shambani.

Dawa i karibu. Sehemu kubwa ya potasiamu ya tunda la kahawa imo katika ganda lake. Huko Mbozi na Ileje, maganda yakiachwa yaoze kando ya mito penye mitambo ya kumenyea, hupoteza mali yetu na kuharibu maji ya jirani zetu. Yageuzwe mboji, yarudi mashinani. Vigogo vya migomba navyo vitandazwe. Majivu yanyunyizwe kwa kiasi, kwa maana yakizidi huondoa uchachu wa udongo ambao mbuni huupenda. Wala yasichanganywe na mbolea ya SA, kwani naitrojeni itapotea hewani. Na kabla ya kununua mbolea, udongo upimwe. Watafiti wa kahawa wapo pale Mbimba.

Ndugu zangu, naomba kila chama cha msingi kikubali neno moja: gari lililopeleka kahawa mbivu mtamboni lisirudi tupu. Mkulima auzaye tunda asirudishe ganda, auza shamba lake kidogo kidogo, na watoto wake ndio watakaolipa.