Dohani ya Lubumbashi

Mazungumzo yetu ya leo yanavuka mpaka wa magharibi hadi Lubumbashi, mji mkuu wa jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, ambako Kiswahili husikika nyumbani, sokoni na kazini.

Wabelgiji waliuasisi mji huo mwaka 1910, reli ilipowasili kutoka kusini, wakauita Elisabethville. Mwaka uliofuata tanuri la shaba la kampuni ya Union Minière likaanza kazi. Hatimaye anga la mji likatawaliwa na dohani yenye kimo cha mita 150 hivi, na kando yake mlima mweusi wa makapi ya madini, uliomwagwa na wanadamu toroli kwa toroli. Wachoraji wa huko hawachoki kuvichora viwili hivyo.

Mgeni husifu zaidi majumba ya katikati ya mji, na yanastahili sifa. Jumba la tamthilia lililosanifiwa na Claude Strebelle katika miaka ya 1950, ambamo baadaye bunge la jimbo lilihamia, lingependeza katika mji wowote. Lakini katikati hapo palikuwa makao ya Wazungu. Waafrika walitengwa ng'ambo ya ukanda wa ardhi tupu, na polisi wakawekwa kulinda utengano huo. Ramani ya mji ilikuwa amri ya dola iliyoandikwa kwa barabara na viwanja.

Uko pia uwanja wa mpira. Tarehe 9 Desemba 1941, wakati vita vya dunia vikihitaji shaba kwa wingi, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walikusanyika humo. Askari wa Force Publique wakafyatua risasi. Makumi waliuawa, miongoni mwao kiongozi wao, Léonard Mpoyi. Walioshika bunduki walikuwa Waafrika, na walioanguka walikuwa Waafrika. Wakubwa waliotoa amri walikuwa Wabelgiji. Mtu akiusifia mji huo kwa majumba yake pasipo kuutaja uwanja huo, sifa yake ni nusu.

Mwaka 1967 serikali ya Kongo iliitaifisha migodi, likazaliwa shirika lililokuja kuitwa Gécamines. Katika miaka ya 1990 uzalishaji uliporomoka vibaya, na maelfu ya familia zilizolishwa na mshahara wa shirika hilo zikabaki zikihangaika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mlima wa makapi nao unachimbwa upya, kwa sababu ya kobalti iliyomo. Hivyo kumbukumbu kubwa kuliko zote mjini inauzwa kwa tani.

Mwaka 2000, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walianza kukusanya masimulizi na vifaa vya wafanyakazi na wake zao. Kazi hiyo haikuweza kungoja: wazee waliolihudumia tanuri enzi ya ukoloni walikuwa wakipungua kila mwaka.