Kufuli la Programu na Haki ya Mwenye Kazi

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni kosa, nalo ni kunakili programu za kompyuta bila idhini ya mwenyewe. Wala hatuanzi kwa kuwanyoshea wengine kidole. Tulipozikagua kompyuta za madrasa yetu, tulikuta programu ya hesabu tuliyoinunua kwa ajili ya kompyuta moja imewekwa katika kompyuta nne. Tulikuwa tukiwafundisha watoto uaminifu huku tukitumia haki ya mtu mwingine.

Malalamiko haya si ya leo. Mwezi Februari 1976 Bill Gates aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani, akilalamika kwamba wengi wao waliitumia programu ya BASIC ya kampuni yake pasipo kuinunua. Baadaye watengenezaji wengi walitafuta kufuli. Wengine walitoa kifaa kidogo cha kuchomekwa katika tundu la printa. Kisipokuwepo, programu haifanyi kazi. Lakini kifaa kina gharama, tena hupotea. Ndipo wengine wakaifanya kompyuta yenyewe kuwa ufunguo.

Njia yenyewe ni hii. Programu husoma namba za utambulisho za diski, za mazabodi na za kadi ya mtandao, kisha huzichanganya kwa hesabu maalumu, ikapatikana alama moja. Mnunuzi humpelekea muuzaji alama hiyo, naye huitia saini kwa ufunguo wake wa siri. Programu ikihamishiwa kompyuta nyingine, alama hailingani na saini, nayo hukataa kufunguka. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilitumia njia ya namna hii: ilitazama vipengele kumi vya kompyuta, na mnunuzi alipewa siku 30 za kuithibitisha.

Hata hivyo, kufuli hili si kamili. Namba ya kadi ya mtandao yaweza kubadilishwa, na mjuzi aweza kuiondoa ndani ya programu ile amri inayouliza, “Je, kompyuta ni ile ile?” Basi kufuli humkumbusha mwaminifu mpaka wake, lakini halimshindi aliyekusudia kuiba.

Tena hapana budi tuseme haki ya mnunuzi. Diski yetu ilipokufa, programu tuliyoilipia ilitukataa kana kwamba sisi ni wezi, na mahesabu ya zaka yakasimama kwa siku tatu. Muuzaji mwadilifu hategemei namba moja tu. Huvumilia badiliko la kipengele kimoja au viwili, na huweka njia nyepesi ya kuhamisha ruhusa. Wala hakusanyi habari za watu kupita haja yake. Mwaka 1999 kampuni ya Intel iliweka namba ya pekee ndani ya prosesa ya Pentium III. Watu wakahofia kufuatiliwa siri zao, na kampuni ikaiacha katika prosesa zilizofuata.

Ama hukumu ya kunakili, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988 liliamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisheria, wala haifai kuzivamia. Sheria za nchi zetu nazo, ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001, zinazilinda programu za kompyuta.

Huenda mtu akasema, “Sisi ni maskini, na wenye kampuni ni matajiri.” Ndugu zetu, utajiri wa mwenye mali hauihalalishi mali yake. Na si kila mwandishi wa programu ni tajiri. Wengine ni vijana wa mitaa yetu wanaotafuta riziki. Tena mlango wa halali uko wazi. Zipo programu kama Linux na LibreOffice ambazo wenyewe wameruhusu zinakiliwe na kugawanywa bure. Mwaka 2004, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili chetu.

Sisi tumeziondoa zile nakala tatu, tumeweka programu za bure mahali pake, na tumemwandikia mwenye programu tukikiri deni letu na kuomba tulilipe. Ilikuwa barua nzito kuiandika. Twawasihi nanyi mkirejea majumbani na madukani mwenu, mziangalie kompyuta zenu kama mnavyoiangalia mizani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atuepushe na kula jasho la wengine. Amin.