Kumsaidia Mwanafunzi Mwenye Ulemavu ni Kazi ya Chuo, si Hisani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakufunzi na watumishi wa vyuo mjini Tabora.)



Mji wetu huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifika pwani na bara. Wapagazi hao walituachia funzo moja. Mzigo uliomzidi mtu mmoja ulifungwa kwenye mti, watu wawili wakauchukua mabegani, nao ukafika ulikokusudiwa.

Nimeanza hivyo kwa sababu Tabora ina historia nyingine ambayo hatuitaji mara nyingi. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilifunguliwa hapa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Shule ya Furaha nayo imewafundisha watoto wasioona kwa miaka mingi. Kwa hiyo mkazi wa Tabora hawezi kudai kwamba hajui kuwa asiyeona husoma na kiziwi huelimika. Swali lililobaki ni hili: watoto hao wakifaulu na kufika chuoni, wanakuta nini?

Tumfikirie kijana asiyeona. Katika shule ya msingi alikuwa na mwalimu ajuaye nukta nundu. Chuoni mkufunzi anaandika ubaoni na kusema, "Kama mnavyoona hapa." Kijana huyo hana budi kumwomba mwenzake amsomee usiku. Lakini mwenzake naye ana mtihani. Siku wakigombana, au mwenzake akiugua, masomo yamesimama. Hapo ndipo ilipo hatari ya hisani, ndugu zangu: hutegemea moyo wa mtu, na moyo wa mtu hubadilika. Utaratibu wa chuo haugombani na mwanafunzi.

Utaratibu huo si jambo geni. Taifa letu liliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Baraza la Mitihani humwongezea mtoto asiyeona wa shule ya msingi dakika 20 kwa kila saa ya mtihani wa Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Haifai chuo kimpe mtu mzima pungufu ya kile anachopewa mtoto.

Najua tutaambiwa kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba mashine ya nukta nundu ni ghali, na mkalimani wa lugha ya alama anastahili mshahara. Mambo hayo yaingizwe katika makadirio ya chuo kabla mwanafunzi hajafika, si baada ya kulalamika. Lakini yapo mengi yasiyodai hata senti. Mkufunzi asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni. Asimpe kisogo kiziwi anayefuata midomo yake. Mwenye ualbino, ambaye mara nyingi uoni wake ni hafifu, aketi mbele na apewe karatasi ya maandishi makubwa. Na iwapo yupo mwanafunzi atumiaye kiti cha magurudumu, darasa lake lihamishiwe chini. Ni kazi ya kubadili ratiba tu.

Mwisho, kila chuo kimteue mtumishi mmoja atakayemwuliza mwanafunzi, siku ya kwanza, anahitaji nini, kisha afuatilie hadi kipatikane. Asikisie mahitaji yake. Ayajuaye ni mwenyewe.

Ndugu zangu, mwanafunzi huyo hakuja kuomba abebwe. Amekuja na akili yake na bidii yake. Wajibu wetu ni kushika ncha ya pili ya mti.