Ramani Kiganjani: Uwazi ni Amana

(Maneno ya darsa iliyotolewa baada ya sala ya Isha, Nangwa, wilaya ya Hanang)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeisimamisha milima na kuipitisha mito na njia ili waja wake wapate kuongoka katika safari zao. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, sahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Masheikh, wazee wetu, akina baba, akina mama na vijana wetu,

Huenda mkastaajabu kwamba usiku wa leo tunazungumzia ramani ndani ya simu. Mtu anaweza kuuliza, je, hili nalo ni jambo la msikitini? Tunajibu kwamba ndiyo, kwa sababu jambo lolote ambalo kwalo roho ya mtu huokolewa au hupotea, na kwalo mwenye kusali hukijua Kibla chake, limo ndani ya dini yetu. Katika Suratun-Nahl, aya ya 16, Allah (S.W.) anahesabu alama za njia na nyota miongoni mwa neema zake, kwamba kwazo watu hujiongoza. Basi alama ya kuongoza ni neema, na mwenye kuichora vibaya ameiharibu neema.

Tusisahau tulipotoka. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuzikumba Katesh, Gendabi na vitongoji vya jirani. Waliofariki walizidi watu 80, na maelfu waliathirika. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikameguka. Tunamuomba Allah awarehemu waliotangulia na awape subira waliobaki.

Katika siku zile, sisi tuliokuwa tukikusanya mablanketi na unga tuliletewa picha ya ramani katika simu zetu. Aliyeichora alikuwa na nia njema, wala hatumlaumu. Lakini ilikuwa imechorwa kwa ajili ya karatasi pana ya kutundikwa ukutani. Ilipoingia katika kioo cha simu, kisichozidi upana wa kiganja, majina ya vijiji yalikuwa kama punje za ulezi. Rangi zilikuwa nyingi, na maelezo yake yalikuwa pembeni, hayasomeki. Tulipoivuta kuikuza, maandishi yakawa ukungu. Wala haikuandikwa ni ya saa ngapi. Tulisimama barabarani na gari limejaa, tukiulizana ni njia ipi inapitika, hali jibu limo mikononi mwetu na hatuwezi kulisoma. Hatimaye tulimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akitoka upande ule kwa miguu.

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipojifunza kwamba taarifa iliyopo lakini haisomeki ni sawa na taarifa isiyokuwapo.

MISTARI MICHACHE YA MTUME (S.A.W.)

Tutazame mwalimu wetu mkuu alivyofundisha. Katika Sahihi Bukhari, sahaba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alichora umbo la mraba, kisha akapitisha mstari katikati yake ukatokeza nje, na pembeni ya mstari huo akachora mistari midogo. Akawaeleza kwamba mstari wa kati ni mwanadamu, mraba ni ajali yake iliyomzunguka, kinachotokeza nje ni matumaini yake, na mistari midogo ni misukosuko inayomsibu. Hapakuwa na rangi wala mapambo. Kila mstari ulikuwa na maana moja, na aliyeuona aliielewa. Maisha yote ya mwanadamu yalienea katika mchoro mmoja mdogo, kwa sababu mchoraji alijua anachotaka kifahamike na akayaacha mengine.

Huo ndio msingi wa kuchora katika nafasi ndogo. Mwenye kuitengeneza ramani ya simu na aulize kwanza: mtazamaji wangu anataka kujua jambo gani moja? Ikiwa anatafuta njia salama, basi mpe njia, makorongo na mahali pa kukimbilia. Usimwekee mipaka ya kata, minara ya simu, majina ya maduka na picha ya setilaiti chini yake. Hayo si uongo, lakini kwa wakati ule ni kizuizi. Anayetaka jambo la pili, mchoreeni ramani ya pili.

WANACHUONI WETU NA KUIGAWA DUNIA

Wapo wanaodhani elimu hii ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1154, Sharif al-Idrisi alikamilisha kitabu chake Nuzhatul-Mushtaq huko Sisilia, katika utawala wa mfalme Roger wa Pili. Alikabiliwa na tatizo letu hili hili la dunia kubwa na ukurasa mdogo. Aliigawa dunia katika iqlimu saba, na kila iqlimu katika sehemu kumi, zikawa ramani 70, kila moja ikikaa katika nafasi yake. Msomaji hufungua sehemu anayoihitaji tu.

Ramani za simu leo zinakwenda kwa njia iyo hiyo. Dunia nzima huanza kama kigae kimoja cha mraba. Ukiikuza mara moja, kigae kile hugawanyika kuwa vinne, ukirudia huwa 16, na huendelea hivyo. Simu huleta vile vigae tu vinavyoenea katika kioo, na katika kila hatua ya kukuza huonyesha mambo yanayofaa umbali huo. Ukiwa mbali unaona Babati na Singida na barabara kuu, na ukikaribia ndipo unapoona kijiji, kisha kichochoro. Kudhihirisha kila jambo kwa wakati wake ndiyo hekima ya ufundishaji. Hakuna mwalimu wa madrasa anayemsomesha mtoto wa alifu na bee kitabu cha urithi.

Tena al-Idrisi aliweka kusini juu na kaskazini chini, kama walivyofanya wachoraji wengi wa Kiislamu wa zama zake. Hili linatufundisha kwamba juu ya ramani si lazima kuwe kaskazini, na kwa hiyo ni wajibu kumwonyesha mtazamaji kaskazini iko wapi. Simu nyingine huizungusha ramani kufuata uso wa mtu anakoelekea. Asiyejua hilo hupotea huku ramani iko sahihi.

KIBLA NA KINUNDU CHA BULUU

Tulipata kushuhudia mvutano msikitini. Kijana aliweka simu yake juu ya benchi la chuma, akatazama mshale, akatangaza kwamba mihrabu imepotoka na wazee wamesali makosa miaka yote. Sauti zikapanda. Tulipoichukua simu tukaenda nayo uwanjani, mbali na chuma, mshale ukarudi pale pale walipoelekea wazee.

Simu huhisi usumaku wa ardhi. Chuma, spika, hata kifuniko chake chenye sumaku, vinaweza kuuyumbisha mshale. Kutoka hapa kwetu, Makka iko umbali wa takriban kilomita 2,900, na Kibla chetu ni karibu kaskazini kamili, kikielemea mashariki kwa nyuzi takriban 9. Anayetaka kuhakikisha bila simu, kila mwaka kuelekea tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na tena kuelekea tarehe 16 Julai saa 6:27 mchana, jua huwa juu kabisa ya Al-Kaaba, na saa za Makka ni sawa na saa zetu. Simamisha fimbo wima, kisha elekea upande ulio kinyume na kivuli chake. Na wanachuoni wengi wamesema kwamba aliye mbali wajibu wake ni kuelekea upande wa Al-Kaaba, basi tusigombane kwa upana wa kidole.

Vivyo hivyo kile kinundu cha buluu kinachotuambia tuko wapi. Mara nyingi huzungukwa na duara hafifu. Duara lile ni ukweli wa simu, kwamba inakiri haina yakini, nasi tumo mahali popote ndani ya duara hilo. Ramani inayokiri mpaka wa elimu yake ina adabu kuliko mtu anayetoa fatwa asiyoijua.

MAMBO YA KUZINGATIA

Ndugu Waislamu, vijana wetu wanaweza kuchora. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi na wananchi wa Dar es Salaam, wakachora wenyewe mitaa na mifereji ya maeneo yanayofurika. Na mwanzoni mwa mwaka 2008, machafuko yalipozuka Kenya baada ya uchaguzi, Wakenya walianzisha Ushahidi, wakapokea habari ikiwamo kwa ujumbe mfupi wa simu na kuziweka juu ya ramani. Basi nasi tuchore makorongo yashukayo mlimani na sehemu za juu za kukimbilia. Tukichora, tuzingatie haya.

Kwanza, maandishi yasomeke na mzee, mchana wa jua kali, bila miwani mpya. Majina machache makubwa ni bora kuliko mengi madogo.

Pili, alama ya kubonyezwa iwe na upana wa karibu sentimita moja, maana tunabonyeza kwa kidole na si kwa sindano. Alama zikisongamana, zikusanywe kuwa duara moja lenye idadi, nazo zifunguke mtu anapokaribia.

Tatu, tusitegemee rangi peke yake. Wako watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Njia iliyofungwa iwekewe msalaba, si wekundu tu.

Nne, tutumie alama wanazozijua watu: msikiti, shule, mnada, daraja, mti mkubwa, kwa majina wanayoyaita wenyeji.

Tano, ramani ihifadhiwe ndani ya simu kabla ya mvua. Siku ya msiba mtandao huweza kukatika na bando likaisha. Simu hupokea ishara za setilaiti za GPS hata pasipo mtandao, lakini kinundu bila ramani chini yake hakina faida.

Sita, iandikwe tarehe, saa na nani aliyehakikisha. Suratul-Hujuraat, aya ya 6, inatuamuru tuchunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Ramani ya jana ya njia iliyofungwa leo ni habari isiyochunguzwa.

Saba, tuchunge sitara. Nyumba ya mjane, ya mgonjwa au ya yatima isiwekwe alama ikasambazwa kwa kila mtu. Orodha hiyo ibaki kwa wanaotoa msaada, maana nukta moja juu ya ramani yaweza kufichua aibu ambayo Allah aliisitiri.

Ndugu zangu, milima itabaki na mvua zitarudi kwa idhini ya Mola wetu. Kutawakali hakumaanishi kukaa. Kabla ya masika tunawaomba vijana kumi, wa kike na wa kiume, wakae na wazee wanaoyajua makorongo, wachore, kisha wampe simu bibi mmoja asiyezoea ramani. Akiweza kuonyesha kwa kidole chake njia ya kukimbilia, kazi imetimia. Akishindwa, wasimlaumu bibi. Warudi wakachore upya.

Tunamuomba Allah (S.W.) atufanye wenye kubainisha na si wenye kutatiza, na atuongoze njia iliyonyooka. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.