Kazi Isiyoonekana: Habari za Wajenzi wa Karavati Letu

Leo twataka kunena nanyi habari za kampuni moja ndogo ya wenyeji, ambayo kazi yake ni kujenga barabara, madaraja na makaravati. Jina lake hatulitaji, wala halina haja ya kutajwa. Tunayotaka myajue ni matendo yake, na jinsi yalivyotufundisha sisi wenyewe.

Sisi tunakaa kusini mwa Tanzania. Zamani mtu aliyetoka Lindi au Mtwara kwenda Dar es Salaam alivuka mto Rufiji kwa pantoni, na wakati wa masika wasafiri walikawia sana kwa ajili ya maji na matope. Mwaka 2003 likafunguliwa daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, na watu wakashukuru. Lakini mwezi wa Mei mwaka 2024 kilikuja kimbunga kilichoitwa Hidaya, pamoja na mvua kubwa. Daraja la Mkapa lilisimama. Walakini barabara ilikatika upande wa Somanga, katika wilaya ya Kilwa, magari yakasimama safu ndefu huku na huku. Hapo ndipo tulipoona ya kuwa mwenye kuvuka madaraja tisa mazima, akakuta la kumi limevunjika, hakufika aendako.

Basi madaraja makubwa aghalabu hujengwa na kampuni kubwa, na nyingi katika hizo hutoka nchi za mbali. Lakini karavati la kijijini, lile ambalo mtoto hupita juu yake kila asubuhi akienda shule, mara nyingi hujengwa na kampuni za wenyeji. Kwa sheria ya mwaka 1997 makandarasi wote huandikishwa na bodi yao, na wale wa barabara na madaraja hupangwa tangu daraja la kwanza mpaka la saba. Wa daraja la kwanza hupewa kazi za thamani yoyote. Wa chini hupewa kazi ndogo. Kampuni tunayoisimulia ni ya wale wa chini.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Katika kijiji chetu kulikuwa na kijito kinachokata njia ya shule na ya zahanati. Kampuni nyingine, si hii, ilikuja ikajenga karavati. Lilipokwisha lilipendeza sana, limepakwa chokaa nyeupe. Masika ya kwanza lilisimama. Masika ya pili, usiku mmoja, maji yalilichukua lote. Usiku uo huo watu walikuwa wamembeba mama mmoja kitandani, ana uchungu wa kuzaa. Walipofika kijitoni hawakuwa na pa kupita. Wakakaa ng'ambo ile chini ya mwembe, mvua ikiwanyeshea, hata kulipopambazuka na maji kupungua. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Maji yalipokauka tulishuka kuyatazama mabaki. Tuliokota pande la zege, nalo likavunjika mikononi kama mkate mkavu. Nondo zilikuwa chache, na pengine hazikuwamo kabisa. Watu wakakasirika, wakailaani ile kampuni. Hapo mzee mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Tusiwalaani peke yao. Ile saruji ilikwenda wapi?"

Watu wote wakanyamaza, maana kila mtu alijua. Wakati wa kujenga, mifuko ya saruji ilikuwa ikiuzwa usiku kwa bei rahisi, na wanunuzi tulikuwa sisi. Nasi tunaosema nanyi leo, ambao kazi yetu ni kuwafundisha waalimu, tulinunua mifuko miwili, tukatengeneza sakafu ya baraza. Hatukuuliza imetoka wapi. Tangu siku ile hatukuweza kukaa barazani pale kwa raha.

Miaka miwili baadaye ndipo ilipokuja kampuni hii ndogo. Mwenyewe alianza kazi akiwa mwashi, na mali yake ilikuwa mwiko, timazi, pima maji na toroli. Injinia wake ni binti kijana, aliyesoma chuo kikuu na kuandikishwa na bodi ya wahandisi. Mafundi wao ni wanane, na vibarua waliwachukua katika kijiji chetu wenyewe, wake kwa waume.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba hawakuanza kujenga. Kwa siku tatu injinia alizunguka akiwauliza wazee, "Maji yalipozidi sana yalifika wapi?" Wazee wakamwonyesha alama katika shina la mwembe. Akapima, akaandika, kisha akasema ya kuwa lile karavati la kwanza lilikuwa na mdomo mdogo mno. Maji yakikosa pa kupita hupanda juu ya barabara, tena huchimba udongo chini ya msingi, na ujenzi ambao msingi wake umechimbwa huanguka hata kama kuta zake ni nene. Kwa hiyo wakachimba msingi kwenda chini mpaka kwenye udongo mgumu, wakapanga mawe makubwa mahali maji yanapoingia na yanapotokea.

Tuliwapeleka wanafunzi wetu wa ualimu wakaone kazi. Injinia akawaeleza ya kuwa zege ni hodari kwa kubanwa, bali ni dhaifu kwa kuvutwa. Ndiyo sababu hutiwa nondo, kwa kuwa chuma hustahimili kuvutwa. Akawaambia wasitumie mchanga wa pwani wenye chumvi, maana chumvi hula chuma kilicho ndani, na mtu wa nje haoni mpaka siku ya kuanguka. Akawaonya pia juu ya maji mengi. Zege lenye maji mengi ni rahisi kumwaga na kusawazisha, kwa hiyo vibarua hulipenda. Lakini yale maji ya ziada yakikauka huacha vitundu vidogo vidogo, na nguvu hupungua.

Ili kujua kiasi cha maji wana chombo cha chuma, kipana chini na chembamba juu, wazi pande zote mbili, urefu wake sentimita 30. Hukijaza zege kwa mafungu matatu, na kila fungu hulishindilia kwa ufito wa chuma mara 25. Kisha hukiinua, wakatazama zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kiasi kilichowekwa, halifai.

Basi siku moja alasiri, mawingu yamefunga, kila mtu akitaka kazi iishe, kibarua mmoja aliongeza ndoo mbili za maji. Injinia alipoinua chombo chake, zege likalala chini kama uji. Akasema, "Hili lisiingie. Limwageni kando." Lilikuwa zege la mifuko sita ya saruji, kilo 50 kila mfuko. Mzee yule yule aliyeuliza habari za saruji alikuwapo.

Injinia alimwamkia, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mwamwaga mali? Hapana atakayejua."

Binti akajibu kwa adabu, "Babu, tukilimwaga leo, hasara ni yetu. Tukilifukia humo, hasara ni yenu, nanyi hamtaijua mpaka usiku wa mvua."

Mzee akatazama ule mwembe, asinene tena.

Jioni mwenye kampuni alifika. Sisi tulidhani atamkemea injinia wake, maana kwa kampuni ndogo mifuko sita si kitu kidogo. Akaliona zege lililomwagwa, akauliza sababu, akaambiwa. Akasema tu, "Vema. Kesho mapema tuanze upya." Yule kibarua hakumfukuza, wala hakumkata ujira, alimweka asubuhi karibu na chombo kile, ashike ufito na kuhesabu mara 25 kwa sauti. Kijana yule leo ni fundi katika kampuni iyo hiyo.

Kila siku ya kumwaga zege walijaza visanduku vya chuma, sentimita 15 kila upande, wakapata matofali madogo ya zege na kuyaweka majini. Mengine yalivunjwa kwa mashine siku ya 7, mengine siku ya 28, wapate kujua nguvu zake. Na ujenzi wenyewe waliufunika magunia, wakayamwagia maji asubuhi na jioni. Watoto walicheka, wakisema wajenzi wananywesha mawe. Lakini zege likikauka upesi juani hupasuka, wala halipati nguvu zake zote.

Jambo jingine. Ghala yao ilikuwa na daftari ubaoni mlangoni: mifuko mingapi imeingia, mingapi imetoka, na kwa kazi gani. Kila mtu aliyepita aliweza kusoma. Wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wakipita wakijumlisha na kutoa. Hatukupata kusikia saruji inauzwa usiku. Ulinzi ule ulishinda ulinzi wa mbwa.

Karavati lile sasa limepita masika manne. Halikupakwa chokaa. Mgeni akipita hawezi kulisifu, pengine hata halioni, maana njia inapita juu yake sawasawa. Na labda hii ndiyo sifa ya kazi njema ya wajenzi: watu hupita wakaisahau.

Lakini sisi wanakijiji yatupasa tusisahau sehemu yetu. Wajenzi wakiondoka, karavati ni letu. Kabla ya masika tuondoe matawi na takataka mdomoni mwake, maana karavati lililoziba ni sawa na ukuta. Tusichimbe mchanga karibu na msingi. Tukiona ufa au udongo uliolika, tupeleke habari upesi kwa mwenyekiti, naye awaarifu wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, waliokabidhiwa kazi hiyo tangu mwaka 2017. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mtu akikubishia hodi usiku na mfuko wa saruji wa bei rahisi, kumbuka kwamba yule anakuuzia kipande cha njia ya mtoto wako.

Nanyi wanafunzi, hesabu mnazofanya ubaoni msidhani ni za mtihani tu. Kiasi cha maji, kina cha msingi, idadi ya nondo, zote ni hesabu, na yuko mtu atakayepita juu ya majibu yenu usiku, amebeba mgonjwa.

Sisi ile sakafu ya baraza hatukuivunja. Tumeiacha ipate kutukumbusha.