KUJIAMINI NI MAVUNO YA MAZOEZI

(Mazungumzo kwa wanamichezo na wazazi wa Nyabusozi kabla ya timu kwenda mashindanoni)

 

Timu zetu za mpira wa miguu, mpira wa pete na mbio ziko karibu kuondoka. Jezi zimefuliwa. Mipira imejazwa upepo. Lakini kipo kitu kimoja ambacho hakifungwi ndani ya mfuko. Kitu hicho ni kujiamini.

Tunalisema hili kwa sababu sote tumeona mambo. Kijana anacheza vizuri sana hapa kijijini. Siku ya mashindano anawaona wapinzani wamevaa viatu vipya vya njumu, na yeye ana raba zilizotoboka. Basi, miguu inakuwa mizito. Kipenga hakijalia, yeye ameshafungwa moyoni. Mwingine hufanya kinyume chake. Wiki nzima anajigamba: "Hao tutawafunga tano!" Mazoezini haonekani. Jioni anarudi nyumbani kwa njia ya migombani ili watu wasimwone.

Huyu wa kwanza hakujiamini. Huyu wa pili alijiamini bure. Wote wawili wameshindwa. Sasa tuulizane: kujiamini kuna kazi gani katika mchezo? Na mtu anakupata wapi?

MWILI UNAJIANDAA

Kabla ya mashindano moyo hupiga haraka. Mikono hutoa jasho. Tumbo huvuruga, na mtu huenda kujisaidia mara nyingi. Wengi hudhani hizo ni dalili za kushindwa. Sivyo. Mwili unajiandaa kwa kazi. Ukikutana na chui njiani, mambo hayo hayo hutokea. Damu inakwenda kwa wingi kwenye misuli ili upate nguvu za kukimbia au kupigana.

Kwa hiyo mwenye kujiamini naye moyo humpiga. Tofauti iko katika jinsi anavyoyasoma mapigo hayo. Mmoja anasema, "Moyo unapiga, nimekwisha." Mwingine anasema, "Moyo unapiga, niko tayari." Mapigo ni yale yale. Maana yake ndiyo imebadilika.

FILBERT BAYI, 1974

Tutoe mfano wa nchi yetu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, nchini New Zealand, palikuwa na mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kijana wetu Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikuwa na umri wa miaka 20. Alishindana na John Walker, aliyekuwa nyumbani kwake na kushangiliwa na watu wake. Ben Jipcho wa Kenya alikuwepo pia.

Desturi ya mbio hizo ni kujificha nyuma ya wenzako, kisha kuchomoka mwishoni. Bayi hakufanya hivyo. Alitoka mbele tangu mwanzo, akawaacha wenzake mbali. Walker alimfukuza mpaka kwenye mstari, asimpate. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Walker alitumia 3:32.52. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, iliyodumu tangu 1967, ikavunjika.

Mtu asiyejiamini hawezi kukimbia hivyo. Ukiwa mbele peke yako huoni mtu. Unasikia vishindo vya miguu nyuma yako tu. Lakini Bayi hakuokota kujiamini kwake asubuhi ile. Januari 1973, huko Lagos, katika Michezo ya Afrika, alikwisha kumshinda Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968. Kwa hiyo alifika Christchurch akiwa na ushahidi mkononi.

JOGOO NA ALFAJIRI

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2003 Tim Woodman na Lew Hardy wa Bangor, huko Wales, walikusanya uchunguzi mwingi uliofanywa juu ya wanamichezo. Waliona kwamba wanaojiamini kabla ya mashindano, kwa kawaida, hufanya vizuri zaidi. Tena kujiamini kulihusiana na matokeo kuliko mawazo ya hofu yalivyohusiana nayo.

Lakini sikilizeni vizuri. Uhusiano huo ulikuwa mdogo. Ukipiga hesabu, kujiamini kunaeleza kama sehemu 6 tu katika kila sehemu 100 za tofauti kati ya anayefanya vizuri na anayefanya vibaya. Sehemu nyingine ni mazoezi, afya, chakula, ufundi, hata na bahati. Sehemu 6 si nyingi. Lakini timu mbili zikilingana, hizo 6 zinaweza kutoa mshindi.

Kuna jambo la pili. Jogoo huwika, kisha kunapambazuka. Je, jogoo ndiye aliyeleta asubuhi? Hapana. Vivyo hivyo, mara nyingine mtu hashindi kwa sababu anajiamini. Anajiamini kwa sababu anaweza, na anashinda kwa sababu anaweza. Mkulima aliyepanda mapema na kupalilia mara mbili hutembea shambani kifua mbele. Lakini mahindi hayakuota kwa ajili ya kifua chake. Yaliota kwa ajili ya jembe.

KUNATOKA WAPI?

Mtaalamu mmoja aliyefundisha Marekani, Albert Bandura, aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake ina vyanzo vinne. Tuvitaje kwa lugha yetu.

Cha kwanza ni kuwahi kufanya. Hiki ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Aliyekwisha kukimbia kilomita 10 hababaiki akiambiwa akimbie kilomita 10. Ninyi mliopita darasa la kisomo mnalijua hili. Siku ya kwanza ukiitwa ubaoni mkono ulitetemeka na chaki ikavunjika. Leo unaandika barua. Ujasiri huo hukuupata kwa kusifiwa. Uliupata kwa kuandika.

Cha pili ni kumwona mtu kama wewe akifanya. Binti akimwona dada wa jirani, anayechota maji naye kisima kimoja, akifunga magoli katika mpira wa pete, anasema, "Kumbe hata mimi!" Kwa hiyo wachezaji wa zamani waje uwanjani. Wasikae vilabuni wakisimulia tu.

Cha tatu ni maneno ya mtu unayemwamini. Kocha akikuambia, "Wiki hii pasi zako zimenyooka," neno hilo linakujenga, maana ni la kweli na wewe unalijua. Akikuambia, "Wewe ni simba," umefurahi tu. Wazazi nao wajihadhari. Mtoto anayeambiwa kila siku "wewe huwezi chochote" anakwenda uwanjani akiwa amebeba maneno hayo mgongoni kama mzigo wa kuni.

Cha nne ni hali ya mwili na jinsi unavyoisoma. Tumekwisha kulieleza hilo. Tuongeze tu kwamba aliyelala vizuri, akala vizuri na kunywa maji huusoma mwili wake kwa wema. Aliyekesha ngomani hana la kusoma ila uchovu.

HOFU KIDOGO SI ADUI

Wengine watauliza: basi tufukuze mashaka yote? La, si lazima. Mwaka 2010 Woodman na wenzake walitoa uchunguzi juu ya watu wenye ujuzi wa kuruka kamba, mchezo ambao watoto wetu wanaujua. Baadhi yao walipunguziwa kujiamini kidogo. Hao wakaruka vizuri zaidi kuliko mwanzo. Kwa nini? Huenda anayejiona amekwisha kushinda hulegea. Huenda mwenye shaka kidogo hukaza.

Mnamkumbuka Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Alikimbia kilomita 42 na mita 195. Hata hivyo, karibu na mstari alikuwa bado nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani. Akajitupa mbele. Saa zao zote mbili zilionyesha 2:09:48. Picha ndiyo iliyoamua. Tofauti ilikuwa sehemu 3 za mia za sekunde moja. Kufumba jicho ni kwingi kuliko hapo!

Baadaye Simbu mwenyewe alieleza kwamba alipoingia uwanjani hakuwa na uhakika wa kushinda. Alijua alipoona jina lake juu ya kioo kikubwa. Mnaona? Bingwa wa dunia alikuwa na shaka, na bado akakaza mpaka hatua ya mwisho. Kujiamini hakumaanishi kusema "lazima nitashinda." Ni kusema "nitaweza kutoa vyote nilivyo navyo."

Wala hakufika hapo kwa siku moja. Olimpiki ya Rio, 2016, alikuwa wa 5. Mashindano ya dunia ya London, 2017, alikuwa wa 3. Boston, Aprili 2025, alikuwa wa 2. Haba na haba hujaza kibaba.

TUSIDANGANYANE

Sasa jamani, tuseme wazi. Kila msimu wa mashindano fedha za timu hutafutiwa dawa ya ushindi. Eti goli lizibwe, eti wapinzani wasione mpira. Irizi haikimbii. Haipigi penalti. Na ubaya wake ni huu: mchezaji akiisahau nyumbani, kujiamini kwake kumebaki nyumbani. Fedha hizo zingenunua mpira wa mazoezi au sabuni na maji ya kunywa.

Bangi na pombe ni hivyo hivyo. Humpa mtu ujasiri wa kukopa, na mwili ndio unaolipa deni.

DAFTARI LA TIMU

Tunashauri jambo moja ambalo halina gharama kubwa. Kila timu iwe na daftari na kalamu. Nanyi mliohitimu kisomo muwe waandishi wake. Kila siku ya mazoezi andikeni tarehe. Andikeni nani alikuja. Andikeni mkimbiaji alitumia dakika ngapi kutoka shuleni mpaka mtoni na kurudi. Simu ya mkononi ina saa ya kuhesabu sekunde. Andikeni mchezaji alipiga penalti 10, zikaingia ngapi.

Siku moja kabla ya mashindano, wakusanyeni wachezaji na kuwasomea. "Mwezi uliopita ulitumia dakika 24. Wiki hii umetumia 22." Mchezaji akisikia hivyo hahitaji kudanganywa. Maandishi ndiyo shahidi wake. Na kama daftari linaonyesha hakuja mazoezini, nalo litasema kweli.

Asubuhi ya mashindano fikeni mapema. Utazameni uwanja, mtembee juu yake. Pasheni miili moto kwa mchakamchaka ule ule wa kila siku. Moyo ukipiga sana, vuteni pumzi polepole, mtoe polepole. Kisha kila mmoja afikirie kazi yake ya kwanza tu: pasi ya kwanza, hatua ya kwanza. Asifikirie kombe.

NA TUKISHINDWA?

Kushindwa kupo. Mwaka 1980, mjini Moscow, Bayi alikimbia mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji kwa moyo ule ule wa kuongoza. Aliongoza kwa mbali. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Bayi akapata medali ya fedha. Kujiamini hakumpi mtu pumzi asiyokuwa nayo. Lakini nani hapa atasema Bayi hakufanya kazi?

Na mwaka 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni. Waliotoka walikuwa 75. Waliofika walikuwa 57, naye alikuwa wa mwisho kabisa, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alifika akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule kuanza mbio tu, ilimtuma azimalize. Jina lake linatajwa duniani mpaka leo.

Kwa hiyo, wazazi, timu ikirudi imefungwa, ipokeeni. Ipeni maji na chakula. Kesho yake fungueni daftari, mtafute palipopungua. Mkiwatukana leo, msimu ujao mtapeleka watoto waoga.

Ndugu zetu, nendeni mkacheze. Mmelima, mmepanda, mmepalilia. Sasa ni wakati wa kuvuna.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini moyo hupiga haraka kabla ya mashindano?
2. Taja vyanzo vinne vya kujiamini. Kipi kina nguvu zaidi?
3. Kwa nini shaka kidogo inaweza kumsaidia mchezaji?
4. Katika kijiji chenu, nani ataandika daftari la timu? Ataanza lini?